Banda la kuku kabla ya baridi kuingia

Mfugaji wa kuku wachache nyuma ya nyumba, akiona baridi inakaribia, jambo la kwanza linalomjia ni kuziba. Tundu hili anaweka gunia, lile anapigilia nailoni, mlango anaufunga jua lingali juu, kisha anakwenda kulala akiamini kazi imekwisha. Wiki mbili hazipiti, kuku wanakoroma usiku, macho yana povu, na ncha za upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani, zimeanza kuwa nyeusi. Hapo lawama huangukia baridi, ilhali kilichowadhuru ni unyevu aliowafungia nao humo ndani.

Joto la mwili wa kuku mzima ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi. Anapojitutumua usiku, manyoya hunasa hewa kavu karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Akiwa mkavu, ameshiba, na hakuna upepo unaompiga mwilini, huvumilia hata baridi ya chini ya sifuri. Manyoya yakilowa, au upepo ukipenya katikati yake, blanketi limeondoka. Kwa hiyo maandalizi yote yanakwenda kwenye mambo mawili yanayoonekana kupingana: hewa ipite bandani usiku kucha, na isimguse kuku aliyelala.

Unyevu unatoka wapi

Piga hesabu ya kuku 10. Kwa siku hunywa lita 2 hadi 2.5 za maji, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi bandani kama pumzi na kinyesi. Kinyesi chao kwa siku ni kilo moja na zaidi, na robo tatu ya uzito huo ni maji. Karibu nusu yake huangushwa usiku, wakiwa wamekaa kwenye fito, mahali pale pale kila siku. Ukiziba banda, maji hayo hayana pa kwenda. Hewa yenye joto na mvuke hupanda, hugusa bati baridi, hugeuka matone, kisha matone hudondokea migongo ya kuku na matandazo. Ukiingia alfajiri ukakuta bati linatoa jasho, au dirisha limejaa ukungu kwa ndani, huna haja ya kifaa chochote kukwambia kwamba banda halipumui.

Matandazo yaliyolowa huzaa amonia, ule mvuke unaochoma macho. Kiwango kinachoshauriwa kisizidi ni sehemu 25 katika milioni ya hewa, na pua ya binadamu ikishaisikia waziwazi basi uko jirani na hapo. Shida ni kwamba mtu anayeingia bandani kila siku huizoea. Tena kuku anavuta hewa ya sentimita 20 au 30 kutoka chini, si ya usawa wa kichwa chako. Kwa hiyo ukifungua mlango asubuhi, chuchumaa, pua iwe usawa wa kuku, uvute pumzi mara mbili. Macho yakiwasha, kuna kazi ya kufanya siku hiyo hiyo.

Matundu yawe juu, ukuta wa chini uzibwe

Kipimo rahisi: jumla ya matundu ya hewa iwe kama sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Banda la mita 2 kwa 2 lina mita 4 za mraba, hivyo linahitaji mita za mraba 0.4 za uwazi. Hiyo ni mianya miwili chini ya paa, kila mmoja una urefu wa mita 2 na kimo cha sentimita 10, mmoja ukuta huu na mwingine ukuta unaoelekeana nao. Funika kila mwanya kwa wavu mgumu wenye matundu yasiyozidi milimita 12, na paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 30 ili mvua ya upepo isiingie.

Kimo cha matundu ndicho kinachoharibu mabanda mengi. Yanapaswa kuwa juu ya vichwa vya kuku waliokaa kwenye fito kwa sentimita 40 au zaidi. Fito ikiwa sentimita 50 kutoka sakafuni, kichwa cha kuku kitafika kama sentimita 90, basi mwanya uanze mita 1.3 kwenda juu. Banda fupi la kimo cha mita moja halikupi nafasi hiyo. Hapo ni afadhali kushusha fito hadi sentimita 25 kuliko kuziba matundu.

Sehemu ya chini, kuanzia sakafuni hadi juu ya vichwa vyao, iwe nzima. Ingia mchana, funga mlango, subiri macho yazoee giza. Kila mwanga unaopenya chini ya usawa huo ni upepo utakaopenya usiku. Ziba kwa ubao, udongo au saruji. Kisha, kabla hujaweka matandazo makavu yanayoweza kushika moto, washa kijiti cha udi siku yenye upepo, ukishike usawa wa fito. Moshi ukipanda polepole na kutokea juu, banda liko sawa. Ukilala upande na kukimbia, fuata unakotoka mpaka uupate ufa.

Kama upande mmoja wa banda ni wavu mtupu, huna haja ya kujenga ukuta mpya. Weka pazia la turubai au magunia yaliyoshonwa pamoja, lakini angalia namna ya kulifunga. Wengi hulining'iniza kutoka juu, wakitaka hewa wanalikunja kwa chini, na hewa baridi inaingia miguuni mwa kuku moja kwa moja. Geuza: pigilia turubai kwa chini, ukingo wa juu uufunge kwenye ufito au bomba jepesi, kisha uuvute kwa kamba inayopita kwenye kitanzi karibu na paa. Pazia likishuka, linafunguka kuanzia juu. Usiku wa baridi kali liache na uwazi wa sentimita 10 hadi 15 juu. Mchana wa jua lishushe lote.

Upande wa wazi uupe mgongo upepo unaovuma zaidi, na jua lifike ndani mchana. Kaskazini ya mbali na ikweta, huo ni upande wa kusini. Kusini ya mbali, ni wa kaskazini. Karibu na ikweta, tazama upepo kwanza.

Jasho la bati hupungua ukiweka dari: mbao nyembamba, mikeka au makuti, sentimita 5 au zaidi chini ya bati, huku ncha mbili za nafasi hiyo zikiachwa wazi. Usitumie povu jeupe la kufungia vyombo bila kulifunika. Kuku hulidonoa mpaka liishe, na wanalimeza.

Fito, viota na nafasi

Kila kuku mzima apewe mita za mraba 0.35 hadi 0.4 ndani, na kama mita 1 ya mraba uani. Kwenye baridi hushinda ndani zaidi, kwa hiyo msongamano uliokuwa haudhuru wakati wa joto sasa utaleta kudonoana na unyevu. Majogoo ya ziada na kuku wasiotaga uwapunguze kabla ya baridi kuanza, usingoje katikati.

Fito bora ni ubao wa sentimita 5 kwa 10, uliolazwa upande wake mpana juu, kingo zikiwa zimesuguliwa. Kuku akiuchutamia, vidole vyote vinafunikwa na manyoya ya tumbo. Kwenye fito nyembamba ya mviringo vidole huikunjia kwa chini, vikabaki nje, na hivyo ndivyo vinavyoganda. Bomba la chuma usilitumie kabisa, maana linafyonza joto la miguu. Mpe kila kuku sentimita 20 hadi 25 za fito, wazito 30. Kuku 10 watahitaji fito mbili za mita 2 katika banda letu, zikiwa kimo kimoja, umbali wa sentimita 35 kati yake na 30 kutoka ukutani. Zikitofautiana kimo, watagombania ya juu kila jioni.

Chini ya fito weka ubao wa kupokea kinyesi, na uukwangue kila asubuhi kwa dakika tatu. Kwa kazi hiyo ndogo unatoa nje karibu nusu ya kinyesi cha siku nzima. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hakuna linalolipa zaidi kwa jasho kidogo.

Viota: kimoja kwa kuku 4 au 5, sentimita 30 kila upande, viwe chini kuliko fito ili wasivigeuze kitanda. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku. Yai likiganda hupasuka, na lililopasuka huwafundisha kula mayai.

Matandazo

Tumia maranda ya mbao, au maganda ya mpunga kama ndiyo uliyonayo. Unga laini wa mbao unatimua vumbi, unagandamana ukilowa, na vifaranga huula wakidhani ni chakula. Nyasi kavu zinafaa kwenye viota tu. Zikishika ukungu, vimelea vya ukungu huingia mapafuni, na kuku anayehema mdomo wazi kwa sababu hiyo huwa hatibiki.

Anza na kina cha sentimita 10 hadi 15 kabla ya baridi. Geuza kwa reki mara mbili kwa wiki, hasa chini ya fito na karibu na maji, na kila yanapoanza kushikana ongeza tabaka la sentimita 3 hadi 5. Yakifika 25 au 30 mwisho wa msimu, ni sawa. Kinyesi na maranda huoza polepole kwa chini na kutoa joto kidogo, na sakafu ya saruji haifyonzi tena joto la miguu. Mahindi machache yakirushwa humo kila siku, kuku wenyewe watakufanyia nusu ya kazi ya kugeuza.

Chota konzi moja, uikamue, ufungue mkono. Yakimwagika yenyewe, yako vizuri. Yakishikana kama kitonge kisha yakapasuka ukiyagusa, yako mpakani, basi ongeza makavu. Kitonge kikibaki kitonge, chota sehemu yote hiyo utupe nje. Konzi ikitoa vumbi tupu la kukohoza, yamekauka mno, nyunyiza maji kidogo wakati wa kugeuza.

Kunyunyiza chokaa kwenye matandazo yaliyolowa ni desturi inayopendwa, na kwa amonia inafanya kinyume cha inavyokusudiwa: chokaa hupunguza uchachu wa matandazo, na uchachu ukipungua amonia nyingi zaidi hutoka kwa mkupuo. Chokaa hai isiyozimwa huchoma na miguu. Ukitaka kuitumia, ipige kwenye kuta na fito wakati banda li tupu, iache ikauke.

Nje ya banda, hakikisha sakafu iko juu ya ardhi inayoizunguka kwa sentimita 15 au 20, na chimba mfereji mdogo chini ya mdondoko wa paa. Maji yanayopenya kwa chini hayashindwi na maranda hata ulete gunia ngapi.

Moto bandani: kwa wazima, hapana

Balbu ya joto ya wati 250 ikining'inia juu ya maranda makavu ni moto unaosubiri kamba ikatike au kuku aruke. Mabanda huungua hivyo kila msimu wa baridi. Hata pasipo moto, kuku anayelala kwenye joto la taa hazoei baridi, na usiku umeme ukikatika hushtuka kupita aliyezoea. Kuku mzima mwenye manyoya kamili hahitaji joto la ziada. Wanaohitaji kusaidiwa ni mgonjwa, aliyekuwa ananyonyoka manyoya na baridi ikamkuta kifua wazi, na vifaranga. Wawili wa kwanza watenge kwenye sanduku lenye maranda mengi ndani ya nyumba.

Kunyonyoka manyoya ni kwa kawaida siku zinapofupika. Huchukua kati ya wiki 8 na 12, na utagaji husimama. Manyoya kwa sehemu kubwa ni protini tupu, kwa hiyo wakati huo wape chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Usiwashikeshike ovyo, maana manyoya machanga yana damu ndani na yakivunjika huvuja na kuuma.

Chakula na maji

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Baridi ikikaza huweza kufika 150, kwa kuwa anachoma chakula ili apate joto. Usimpimie kwa kipimo cha msimu wa joto. Chakula kikuu kibaki kile cha kuku wa mayai chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, kisha jioni, saa moja kabla hawajapanda kulala, warushie nafaka nzima au iliyoparazwa, gramu 15 hadi 20 kwa kila kuku. Hiyo ni konzi moja ndogo kwa kuku wawili. Nafaka hiyo hukaa goleni, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, ikishuka na kusagwa taratibu usiku, na usagaji huo ndio unaotoa joto. Kuzidisha mahindi kwa kudhani yanapasha mwili ni kosa: yana protini kidogo, kuku hunenepa, mayai hupungua, na wenye upungufu wa protini huanza kudonoana manyoya.

Ukitaka kujua kama wameshiba, nenda na tochi baada ya giza, uguse gole la kila mmoja. Linapaswa kuwa limejaa kama mfuko mdogo wa nafaka. Asubuhi kabla ya kula liwe limenywea. Likiwa bado limejaa na gumu, kuna kuziba. Likiwa laini kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, gole limechacha. Shika pia mfupa wa kidari wakati uo huo. Ukiwa mkali kama kisu, kuku huyo anakonda chini ya manyoya, na kwa macho usingemjua.

Weka maganda ya konokono au chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha peke yake, na changarawe ndogo kwenye kingine. Changarawe husahaulika, wakati kuku asiyetoka nje hana pa kuiokota na firigisi haisagi bila hiyo. Majani mabichi yafunge fungu uyaning'inize sentimita 30 au 40 juu ya sakafu, wayarukie. Kuku mwenye shughuli hamdonoi mwenzake.

Maji yasiyoganda ni kazi kubwa kuliko chakula. Kuku asiyekunywa hali, na asiyekula hana joto. Tumia vyombo viwili vya mpira au plastiki ngumu: kimoja kiko kwao, kingine kinayeyuka ndani ya nyumba, na badilisha asubuhi, mchana na alasiri. Ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, juu ya matofali au fremu ya wavu, ili yanayomwagika yasiingie kwenye matandazo. Usiku yatoe kabisa, kwani gizani hawanywi. Usitie chumvi ili yasigande, kuku hufa kwa chumvi nyingi. Na dawa ya rejeta ya gari ni sumu kwao na kwako.

Mwanga

Kuku huhitaji saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage vizuri. Karibu na ikweta siku ni ya saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo mayai yakipungua kwenye baridi tafuta sababu kwenye lishe, chawa au manyoya. Mbali na ikweta, ufupi wa siku wenyewe unatosha kuwasimamisha. Ukiamua kuongeza taa, ongeza alfajiri, si jioni: taa ya jioni ikizimika ghafla huwaacha gizani sakafuni bila kuiona fito. Anza kwa nusu saa kwa wiki, tumia swichi ya saa, na mwanga wa kukutosha kusoma gazeti usawa wa chakula unatosha. Ukishaanza usikatize, kwani kupungua kwa ghafla huweza kuwanyonyoa manyoya katikati ya baridi. Kuwaacha wapumzike bila taa si kosa, na kuku wakubwa hunufaika.

Vifaranga wa msimu wa baridi

Kama unaweza kuahirisha, ahirisha. Kama wameshafika, kanuni zote za wazima hapo juu kuhusu joto zinageuka, maana kifaranga ana malaika tu, yaani manyoya laini ya utotoni, na hajui kujipasha.

Kwa vifaranga 50, tengeneza duara la kipenyo cha mita 1.5 kwa bati jembamba au ubao laini wenye kimo cha sentimita 45. Duara halina kona za kurundikana na kufa kwa kukandamizana. Maranda sentimita 8 hadi 10, juu yake karatasi yenye kukwaruza kwa siku tatu za kwanza. Gazeti linateleza, na miguu hupanuka ikabaki hivyo. Washa joto saa 24 kabla hawajafika, kwa sababu maranda yenyewe yanapaswa kuwa na joto. Maji ya kwanza yawe vuguvugu.

Kipimajoto kiwe sentimita 5 juu ya maranda, kwenye ukingo wa eneo la joto: nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Pamoja na hayo, vifaranga ni kipimajoto kizuri zaidi. Wakisongamana chini ya joto wakilia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikimbilia pembeni, mbawa zimeshuka, midomo wazi, ni joto kali. Wakijikusanya wote upande mmoja, kuna upepo unatoka upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala kifudifudi, waache. Mchukue mmoja, uweke miguu yake shavuni mwako. Ikiwa baridi, sakafu haijapata joto, hata kipimajoto kiseme nini.

Saa 24 za mwanzo, gusa magole ya vifaranga kumi. Yawe yamejaa na laini. Yakiwa matupu, hawajaona chakula au wamepoa mno kukitafuta. Ongeza mwanga na usogeze vyombo.

Jiko la mkaa linatumika sana palipo na shida ya umeme, na linaua sana. Mkaa uwashiwe nje mpaka moshi uishe na vipande vyote viwe vyekundu ndipo uingizwe. Lisimame juu ya matofali, lizungushiwe wavu umbali wa sentimita 30, na matundu ya juu ya chumba yabaki wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mkaa huitoa hata ukiwa mwekundu bila moshi. Vifaranga waliokufa kwa hiyo hukutwa wamelala kama waliosinzia, wala hawakurundikana. Mtu asilale kamwe katika chumba hicho kwa kisingizio cha kuuangalia moto.

Magonjwa ya kutanguliza

Chanjo ya mdondo, au kideri, itolewe angalau wiki mbili kabla ya baridi, kwani kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Chanja kuku wazima wa afya tu. Ile ya tone la jicho aina ya I-2 hurudiwa kila miezi 3. Nyingine fuata maelezo ya kichupa, na usiiache juani hata dakika kumi.

Kukohoa na mafua huchanganya watu. Uso uliovimba na makamasi yanayonuka ni dalili ya mafua ya kuku. Povu jichoni na kukoroma kwa wiki nyingi bila vifo vingi huelekeza kwenye ugonjwa sugu wa njia ya hewa, na amonia ndiyo inayouchochea. Vifo vya ghafla, kinyesi cha kijani, shingo kupinda: hiyo ni dalili ya mdondo, hauna tiba, na homa kali ya mafua ya ndege hufanana nao, kwa hiyo mwite mtaalamu wa mifugo na usiwauze wala kuwachinja waliobaki. Ndege wa majini wanaohama huleta homa hiyo, basi chakula na maji viwe chini ya paa.

Kuhara damu kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 hutokana na matandazo yaliyolowa, kwani vimelea huhitaji unyevu na joto kidogo ili kukomaa. Dawa ya amproliamu hufanya kazi, lakini ukiwatibu na kuwarudisha kwenye maranda yale yale, utairudia wiki ijayo.

Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na ncha za fito, hutoka usiku kunyonya damu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya fito baada ya giza. Ikitoka na michirizi myekundu, wapo. Toa fito, zimwagie maji yanayochemka, paka mafuta ya kupikia kwenye ncha na maungio, na urudie baada ya siku 5 hadi 7 ili kuwakamata walioanguliwa. Bandani weka beseni la sentimita 40 kwa 60, kina 20 au zaidi, lenye udongo mkavu, mchanga na majivu, wapate pa kuoga vumbi.

Upanga na ndevu zikiganda, ncha hupauka kijivu kisha huwa nyeusi. Usisugue, usimsogeze kwenye moto, usikate hiyo nyeusi, maana inafunika nyama hai chini yake na itadondoka yenyewe. Mweke mahali pasipoganda mpaka apone. Aina zenye upanga mkubwa ulio wima, kama Leghorn, huumia mapema kuliko zenye upanga mfupi uliolala, kama Wyandotte na Brahma. Mafuta mazito ya kupaka husaidia kidogo, lakini kuku akiganda upanga katika banda lisilo na baridi ya kutisha, rudi ukatazame matundu na matandazo.

Baridi ikiisha, chota matandazo yote siku yenye jua, yarundike nje, yalowanishe kidogo na kuyageuza kila wiki mbili. Yape miezi mitatu au minne kabla ya kuyaweka kwenye bustani ya mboga. Mabichi huunguza mizizi.